Uzi: Mdogo wangu aligongwa na basi njia ya Kaliua. Hivi ndivyo tulivyodai fidia, kuanzia msibani mpaka hela kuingia

Kibirizi Kwetu

Wakuu, kwenye uzi wa ajali wa juzi niliahidi kuandika yaliyotupata sisi. Nimepata wasaa leo, umeme upo na mvua imenifungia ndani. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mdogo wangu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na migebuka hapa Kigoma. Anachukua mzigo mwaloni Kibirizi, anapakia fuso, anasindikiza mwenyewe mpaka Tabora. Oktoba 2024 fuso lilipasuka tairi usiku kabla ya kufika Kaliua. Dereva na utingo wakakata matawi wakayatandaza barabarani kama ilivyo ada yetu, wakaanza kufungua tairi. Marehemu alikuwa pembeni kabisa, kwenye majani, ameshika tochi. Likaja basi. Utingo naye hakupona.

Alikuwa na miaka 38. Ameacha mke, watoto watatu na mama yetu mzazi.

Sasa nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililokaribia kutumaliza. Siku ya pili ya msiba walikuja watu wawili kutoka kwa mwenye basi. Wastaarabu sana. Wamebeba mchele, sukari na bahasha ya laki tano ya rambirambi. Wakakaa jamvini, wakasoma fatiha nasi. Wakati wa kuondoka mmoja akanivuta kando: "Kaka mkubwa, naomba unisainie tu hapa kwamba mmepokea, ofisini wataniuliza." Nikasaini. Nani anasoma karatasi siku ya pili ya msiba? Miezi minne baadaye karatasi ile ikarudi na maandishi kwamba familia imepokea na haina madai mengine yoyote dhidi ya mmiliki.

Wakuu, pokeeni mchele. Pokeeni na bahasha. Lakini karatasi isainiwe baada ya tanga, na mtu anayeielewa akiwa pembeni yenu.

Kilichotuokoa ni kwamba siku ile mimi sikuwa lolote kisheria. Sikuwa msimamizi wa mirathi, na kaka mtu hana madai yake binafsi hapo. Madai ni ya mke, watoto na wazazi. Nilikuwa nimesamehe deni ambalo si langu.

Naendelea kwenye posti inayofuata, simu inaita.

Mjukuu wa Mirambo

Pole sana mkuu. Nimekaa siti ya mbele. Sisi wa Tabora hizo ajali tunaletewa hospitali ya Kitete kila siku, ila hayo ya karatasi za msibani sikuwahi kuyasikia.

Fuso Halilali

Mkuu pole. Hayo matawi mimi nimeyatandaza miaka kumi na minane. Pembetatu ninayo ila ipo chini ya kiti, kuitoa mpaka uhamishe jeki na godoro. Nikisoma hapa nimeinuka nikaenda kuiweka juu.

Kibirizi Kwetu

Nimerudi.

Mjane alikaa eda, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo mizunguko yote ilikuwa yangu. Trafiki wakatuambia tusubiri upelelezi. Mkisubiri, msisubiri nyumbani. Mimi nilikuwa nakwenda kituoni mara moja kila wiki mbili, nasalimia, nauliza faili limefika wapi, naondoka. Nilichokuwa nakitafuta ni hivi: PF 90 ambayo ni taarifa ya polisi ya mwisho wa upelelezi, taarifa ya ukaguzi wa gari, na mchoro wa eneo la ajali.

Huo mchoro ndugu zangu, usiuone karatasi tu. Ulionyesha mwili ulikuwa mita ngapi kutoka ukingo wa lami, na alama za breki za basi zilianzia wapi. Wakili wa upande wa pili alipokuja kusema marehemu alisimama katikati ya barabara, tulimwonyesha mchoro. Hakurudia tena.

Dereva wa basi alishtakiwa kwa kusababisha vifo kwa kuendesha kwa uzembe. Akakiri kosa, akapigwa faini. Familia ilikasirika sana, mama akasema mtoto wangu thamani yake faini? Mimi pia nilikasirika mpaka wakili aliponiambia nikachukue nakala ya hukumu ile haraka, maana kwetu ina thamani kuliko kifungo.

Wakili wa Isevya

Hapo naomba nidakie, mimi ni wakili hapa Tabora (si niliyeshika kesi ya mleta mada).

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri na dereva. Familia ni mashahidi tu, na faini inaenda serikalini. Kesi ya madai ndiyo yenu. Hizi ni njia mbili na moja haizuii nyingine. Lakini Sheria yetu ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Kwa hiyo hukumu ile ikishakuwa mkononi, huanzi upya kuthibitisha uzembe. Kinachobaki kubishaniwa ni hela, na kama marehemu naye alichangia ajali.

Na sheria mama ya madai haya ni ile ya Marekebisho ya Sheria inayohusu ajali za vifo, Sura ya 310. Asili yake ni Uingereza. Kule mwaka 1808 jaji Lord Ellenborough aliamua kwamba kifo cha mtu hakiwezi kuwa msingi wa kesi ya madai, na kesi yenyewe ilikuwa ya gari la abiria la farasi lililopinduka, basi la zama zile. Matokeo yake ukimvunja mtu mguu unalipa, ukimuua hulipi. Ilibidi wasubiri mpaka 1846, reli zimeshaanza kuua watu wengi, ndipo Bunge lao likapitisha sheria ya Lord Campbell. Sisi tumeirithi kupitia mkoloni.

Mama Nuru Ujiji

Samahani kaka zangu, mimi nauliza kama mtu wa dini. Kumwekea marehemu bei kwenye karatasi, hivi hamuoni ni kama mnamuuza? Mume wangu alifariki ajalini na wakwe zangu walisema hela ya namna hiyo haina baraka. Na kama ni diya, fidia ya damu, si ina utaratibu wake?

Kibirizi Kwetu

Dada, mama yetu alisema maneno hayohayo, nikashindwa kumjibu. Aliyemjibu ni shemeji, mjane mwenyewe. Alisema: "Mama, mimi sidai roho yake. Nadai ule unga aliokuwa analeta Ijumaa."

Na ukiangalia hesabu yenyewe, ndivyo ilivyo. Hakuna mahali mahakama iliuliza mdogo wangu alikuwa na thamani gani. Iliuliza alikuwa analeta nini nyumbani, kwa nani, na angeleta kwa muda gani. Tajiri asiye na mtu anayemtegemea anaweza kutoka na kidogo kuliko mvuvi mwenye watoto sita.

Diya ni jambo la sheria ya Kiislamu na lina masharti yake, muulize sheikh wako. Mahakamani kwetu ajali ya barabarani haihesabiwi kwa diya.

Wakili wa Isevya

Dada Mama Nuru, niongeze kitu ambacho watu wengi hawakijui, na ndicho kinachovunja koo.

Hela ya wategemezi si mirathi. Madai yanaweza kuwa ya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wategemezi: kile walichopoteza kwa kufiwa. Mahakama inagawa kwa kuangalia nani alikuwa anategemea kiasi gani, haifuati mafungu ya mirathi ya Kiislamu wala ya kimila. Fungu la pili ni la mali ya marehemu mwenyewe: madai aliyokuwa nayo kabla hajakata roho, mfano alilazwa wiki tatu, akauguzwa, gari lake likaharibika. Hilo linaingia kwenye mirathi na kugawiwa kama mali nyingine. Mtu mmoja akinufaika kwenye mafungu yote mawili, mahakama inaangalia asilipwe mara mbili kwa hasara ileile.

Kwa hiyo baba mdogo anayekuja na daftari kudai fungu la ukoo kwenye hela ya watoto, mwambieni aketi.

Asali ya Sikonge

Baba mdogo ameguswa huko alipo 😂

Swali la maana: huyo marehemu hakuwa na mshahara. Mlithibitishaje kipato? Mimi nina shamba la tumbaku na mizinga, nikifa leo mke wangu hata hajui nauza kwa nani.

Kibirizi Kwetu

Hapo ndipo kazi ilipokuwa, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo.

Kampuni ya bima ya basi ilianza na milioni sita. Hoja yao: hana hati ya mshahara, hana hesabu za kodi za kueleweka, na Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, kwa hiyo mwaka ule alikuwa hana kazi. Mimi kwa hasira nikataka tuandike kwamba alikuwa anapata elfu hamsini kila siku, mara siku 365. Wakili wetu akacheka. Akaniuliza, "Wewe ni mtu wa Kibirizi, dagaa wanavuliwa kila siku?"

Kweli. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu maboti yanalala, watu wanashona nyavu. Ukiandika siku 365, shahidi yeyote wa mwaloni ataulizwa swali moja tu na kesi yako imeoza. Tukaanza upya kwa ukweli:

Stetimenti za simu za miezi ishirini na nne. Hizi zilizungumza kuliko sisi wote. Wateja wa Tabora walikuwa wanatuma hela kwa majina yaleyale kila baada ya siku chache, na hela ilikauka kila mwezi mpevu. Wakili alisema mfumo huo hauwezi kutungwa.

Risiti za ushuru wa halmashauri za kila mzigo. Mungu amrehemu, alikuwa anazitupa kwenye boksi la viatu, hakuwahi kuzichoma.

Daftari lake la mkopo. Limelowa mafuta, lakini mwandiko ni wake.

Mashahidi watatu: mwenye boti aliyekuwa anamuuzia, mama wa soko kuu Tabora aliyekuwa akinunua, na mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa mwalo.

Na ile miezi mitatu ya ziwa kufungwa? Alikuwa anapeleka mawese Tabora. Kidogo, lakini stetimenti ilionyesha. Hoja yao ikageuka kuwa shahidi wetu kwamba jamaa hakuwa mtu wa kukaa.

Hesabu ikaja hivi. Miezi tisa ya dagaa, faida ya 650,000 kwa mwezi baada ya kutoa mtaji, fuso na ushuru: 5,850,000. Miezi mitatu ya mawese, 200,000 kwa mwezi: 600,000. Jumla 6,450,000 kwa mwaka. Theluthi moja tukaitoa kwamba alikuwa anaitumia mwenyewe, vocha, kahawa, nguo zake. Ikabaki 4,300,000 iliyokuwa inafika kwa wategemezi.

Halafu inazidishwa kwa miaka.

Mjukuu wa Mirambo

Si rahisi tu? 38 mpaka 60 ni miaka 22. Mara 4,300,000 unapata 94,600,000. Mbona wengi wanapata vipande?

Wakili wa Isevya

Mkuu, hapo ndipo kila familia inapokwama. Miaka ya kuzidishia haiwi miaka yote iliyobaki. Sababu ni mbili. Kwanza, unalipwa leo kwa mkupuo hela ambayo angeileta kidogokidogo kwa miaka 22, ukiiweka inazaa. Pili, maisha yana mengi: angeweza kuugua, biashara kufa, watoto kukua na kuacha kutegemea. Kwa hiyo mahakama hupunguza. Mwenye miaka 38 mwenye afya unaweza kubishania kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Hakuna jedwali lililoandikwa kwenye sheria, ni busara ya hakimu na kesi zilizotangulia. Njia yenyewe ya kuchukua pato, kutoa matumizi ya marehemu, kisha kuzidisha kwa miaka, ilielezwa vizuri na Lord Wright kwenye kesi ya wachimba makaa ya mawe ya Powell Duffryn, mwaka 1942, na bado ndiyo tunayoitumia.

Ndiyo maana nawaambia wateja: ugomvi wa kweli uko kwenye namba mbili. Ile theluthi, na ile miaka. Mwenye watoto watano hatumii theluthi peke yake. Kijana asiye na mke anatumia zaidi ya hiyo. Msikubali theluthi kama sala.

Kibirizi Kwetu

Sisi tulidai mara 12: 51,600,000. Wao wakasema mara 6: 25,800,000, na humo bado walitaka theluthi nyingine ipunguzwe kwa hoja ya marehemu kuchangia ajali. Mchoro ukaiua hiyo hoja kama nilivyosema.

Gharama za mazishi ndiko tulikoumia. Tulitumia kama 2,900,000: kusafirisha mwili kutoka Kaliua, kosta ya waombolezaji, sanda, chakula. Tulikuwa na risiti za 1,740,000 tu. Zilizobaki zilitoka kwa mkono, nani anamdai risiti mtu aliyekuletea kuni za msibani? Tulipata 1,740,000.

Wakili wa Isevya

Mahakama ya Rufani ilishamaliza hilo mwaka 1992: madai mahususi, yaani hela uliyotumia kweli kama hiyo ya mazishi, yaandikwe moja moja kwenye hati ya madai na yathibitishwe. Usipokuwa na karatasi, huruma ya hakimu haitoshi.

fidia_chapchap

Wadau mwenye msiba wa ajali ani-PM. Tunasimamia kila kitu, huhitaji mahakama wala wakili, tunachukua asilimia 40 tu hela ikitoka.

Fuso Halilali

Asilimia 40 "tu". Wewe ndiye uliyekuwa umeshika tochi?

Kibirizi Kwetu

Mods naomba huyu aondolewe. Hawa watu wako nje ya mochwari kabla ndugu hawajafika. Mmoja alimfuata shemeji akiwa ndani ya eda, eti alete kitambulisho cha marehemu akafungue madai. Wakili wa kweli ana ofisi, ana leseni ya mwaka huu, na anakuandikia makubaliano ya malipo kabla ya kuanza. Kama huna uwezo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, waulizeni ustawi wa jamii.

Asali ya Sikonge

Utingo je? Familia yake nao wamo kwenye kesi?

Kibirizi Kwetu

Utingo alikuwa kazini, aliajiriwa na mwenye fuso. Familia yake ilikwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Pale hawahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu, wanathibitisha tu kwamba alikufa akiwa kazini. Mjane na watoto wanapata pensheni kwa mwezi na gharama za mazishi. Mwenye fuso mwanzoni alisema yule ni deiwaka tu. Mwalimu mmoja jirani yao akamwambia deiwaka aliyelala kwenye gari lako miaka minne ni mfanyakazi. Akanywea.

Zawadi K.

Mimi nipo Kasulu. Naomba msaada, nimesoma uzi wote usiku huu. Mume wangu aligongwa na lori la mizigo miaka minne na miezi miwili iliyopita. Hatukufunga ndoa, tuliishi pamoja miaka saba, tuna watoto wawili. Ndugu zake walisema mimi si mke, nikaondoka na watoto. Sijafungua kitu chochote. Nimechelewa?

Wakili wa Isevya

Dada Zawadi, pole sana. Nakujibu kwa utulivu, soma mara mbili.

Kuhusu ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana ya ndoa. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, sheria inadhani wameoana mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Mwenyekiti wa kitongoji, kadi za kliniki za watoto zenye jina la baba, majirani, vyote ni ushahidi. Na hata hilo likigoma, watoto ni watoto wake. Madai yao hayategemei cheti chako.

Kuhusu muda: madai ya namna hii ukomo wake ni miaka mitatu. Umepita. Ila Sheria ya Ukomo inampa Waziri mwenye dhamana ya sheria mamlaka ya kuongeza muda, na nyongeza hiyo haizidi nusu ya muda wa awali. Nusu ya miaka mitatu ni mwaka mmoja na miezi sita. Wewe uko miaka minne na miezi miwili. Umebakiwa na miezi minne, na ndani ya hiyo maombi yaandikwe na yajibiwe na kesi ifunguliwe. Usilale.

Mama Nuru Ujiji

Na kama ni hospitali ya serikali? Si mimi, ni mtoto wa dada yangu, alifariki akijifungua. Wanasema alitoka damu usiku kucha na hakuna aliyemwona.

Wakili wa Isevya

Serikali haishtakiwi kama mwenye basi. Kwanza notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unagusa pia halmashauri. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kigoma mnayo yenu sasa, zamani mngepanda treni mpaka huku kwetu Tabora.

Ila kesi za hospitali ni ngumu. Barabarani mchoro unaongea. Wodini anayeongea ni daktari mwingine, na daktari kusema dhidi ya mwenzake si jambo la kila siku. Ombeni nakala ya faili la mgonjwa kwa maandishi mapema. Malalamiko ya kitaaluma yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, hilo halilipi fidia lakini linachunguza.

Mjukuu wa Mirambo

Mleta mada, kesi mlifungulia wapi? Mwenye basi si yupo Dar?

Kibirizi Kwetu

Mwenye basi yupo Dar ndiyo, na alitaka twende huko. Lakini kesi ya mtu kudhuriwa unaweza kufungua mahali tukio lilipotokea. Kaliua ni mkoa wa Tabora, tukafungua Mahakama ya Hakimu Mkazi Tabora. Shahidi wangu, yule mama wa soko kuu, anauza dagaa hapohapo sokoni, alikuja kwa miguu.

Kabla ya hapo mirathi. Tulikaa kikao cha familia, tukaandika muhtasari, nikapendekezwa mimi. Cheti cha kifo kutoka RITA, kisha Mahakama ya Mwanzo. Ukiteuliwa msimamizi wa mirathi unapewa Fomu namba 4, na bila hiyo fomu bima hawakusikilizi. Msisahau kuirudia mahakama: orodha ya mali na hesabu, Fomu namba 5 na 6, ndani ya miezi minne au uombe muda. Mimi nilikaripiwa kwa kuchelewa.

Wakili wa Isevya

Niweke mawili hapo. Uwezo wa mahakama kifedha, yaani kesi ya hela kiasi gani inaruhusiwa kuisikiliza, unaangaliwa kwa madai mahususi, siyo kwa fidia ya jumla unayomwachia hakimu akadirie. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo kwenye kesi ya kiwanda cha Urafiki na masista wa Usambara, ipo kwenye ripoti za kesi za 2006. Watu wanaandika fidia ya jumla ya bilioni moja ili waonekane wakubwa, haiwasaidii kitu.

La pili: mnayemshtaki ni dereva na mmiliki. Bima inakuja kulipa hukumu kwa sababu bima ya mtu wa tatu, hii mnayoiita bima ndogo, ni lazima kisheria. Lakini lazima bima ipewe taarifa ya kesi kwa maandishi mapema kabisa, kesi inapofunguliwa au kabla. Nimeona hukumu nzuri ya milioni themanini ikigeuka pambo la ukutani kwa sababu bima hawakupewa barua. Na stika ya bima mhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, siku hiyohiyo mnayopata namba ya gari, zipo za kughushi.

Asali ya Sikonge

Haya malizia. Mlipata ngapi?

Kibirizi Kwetu

Hatukufika kwenye hukumu. Kesi za madai lazima zipite kwanza kwenye usuluhishi, na sisi tuliishia hapo. Vikao viwili, vyote kwa Kiswahili, mama alielewa kila neno. Siku ya pili mwakilishi wa bima alipanda kutoka milioni 26 mpaka 30, akasimama. Wakili wetu akatoka nje nasi, akasema tukiendelea tunaweza kupata 45, tunaweza kupata 28, na inaweza kuchukua miaka miwili na rufaa juu. Shemeji akauliza ada ya shule ya mtoto wa kwanza inaisha lini. Tukarudi ndani. Tukakubaliana 36,000,000 na ile 1,740,000 ya mazishi, makubaliano yakasajiliwa mahakamani.

Mgao uliandikwa humohumo: mke 13,000,000, mama 4,000,000, watoto 19,000,000. Mdogo wa miaka mitatu alipewa milioni nane, wa miaka tisa sita, wa miaka kumi na mitatu tano. Mdogo amepata zaidi kwa sababu ana miaka mingi zaidi mbele bila baba. Babu mmoja wa ukoo bado hasemi nami kwa sababu hiyo.

Niliridhika? Siku nyingine ndiyo, siku nyingine naamka usiku nasema tungeshika 12 yetu. Lakini wakati ule mama alikuwa ameshaanza kuuza mabati yaliyobaki ya nyumba ambayo marehemu hakuimaliza.

Zawadi K.

Kaka Kibirizi na wakili, asanteni. Kesho nakwenda polisi kuomba nakala ya PF 90. Faili la miaka minne bado watakuwa nalo?

Kibirizi Kwetu

Dada, nenda na namba ya jalada kama unayo, kama huna nenda na tarehe ya ajali na namba ya lori. Andika barua, peleka nakala mbili, yako wakugongee muhuri wa kupokea. Wakikuambia njoo wiki ijayo, nenda wiki ijayo. Na kesi ya dereva iliisha? Kama iliisha, toka polisi nenda mahakamani siku hiyohiyo ukaombe hukumu.

Zawadi K.

Iliisha. Alifungwa miezi sita. Kadi za kliniki ninazo zote mbili, nimezikuta sasa hivi kwenye sanduku.

Wakili wa Isevya

Zitoe nakala kabla hujaondoka nyumbani, halisi usimwachie mtu yeyote. Nimekutumia namba ya msaidizi wa kisheria wa hapo Kasulu kwenye inbox. Mpigie saa mbili asubuhi, anaanza mapema.